Nifanyeje laptopu yangu isihamishiwe Windows 11?

SWALI: Habari za kazi, kaka. Mimi nadarizi hapa Tanga: kofia, mitandio na nembo za sare za shule. Mashine yangu inapokea michoro kutoka kwenye laptopu ya Windows 10 yenye programu iliyokuja na mashine. Programu hiyo haifunguki mpaka uchomeke kiflashi chake cha leseni. Wiki mbili sasa, nikifungua Windows Update nakuta ujumbe kwamba Windows 11 iko tayari na ni bure. Walioniuzia mashine wanasema toleo langu la programu halijathibitishwa kwa Windows 11, na toleo jipya ni la kununua. Fundi wa kompyuta hapa mtaani anataka anizimie masasisho yote. Mdogo wangu aliye Muscat amenitumia kwa WhatsApp kijiprogramu kinaitwa InControl, anasema ndicho dawa. Nimsikilize nani? Na hicho kijiprogramu ni salama?

JIBU: Habari njema, dada. Msikilize mdogo wako, ila faili alilokutumia lifute. Kijiprogramu chenyewe ni kizuri na nimekitumia kwenye kompyuta nyingi, lakini faili linaloendeshwa kwa madaraka ya msimamizi wa kompyuta halipokelewi kwa WhatsApp, hata likitoka kwa mtu uliyenyonya naye ziwa moja. Yeye ameliamini, naye huenda alitumiwa na mwingine. Nitakueleza chini pa kulipata. Ushauri wa fundi uache kabisa, na nitakaa hapo kidogo kwa sababu ndipo watu wengi wanapoumia.

Tatizo linaanzia kwenye neno lenyewe. Tunasema "sasisho" tukimaanisha mambo mawili yasiyofanana. La kwanza ni viraka: kila mwezi, Jumanne ya pili, Microsoft hutoa marekebisho ya matundu ya usalama yaliyogunduliwa ndani ya Windows uliyonayo. Kiraka hakibadilishi sura ya kompyuta yako. La pili ni kuhamishwa toleo: Windows yote inavuliwa na kuvishwa nyingine, draiva (programu ndogo zinazoiwezesha Windows kuongea na vifaa) zinapangwa upya, na programu iliyokuwa ikielewana na ile ya zamani inatakiwa izoeane na mgeni. Wewe mdarizi unajua tofauti ya kutia kiraka kwenye kanzu na kuipeleka kanzu kwa fundi aikate upya. Yote mawili yanapitia mlango mmoja, Windows Update, ndiyo maana watu hufunga mlango mzima wakidhani wamezuia kuhamishwa, kumbe wamezuia na viraka.

Hofu yako ya kuhamishwa ina msingi. Kile kiflashi cha leseni kinategemea draiva, na draiva za zamani ndizo zinazopata shida ya kwanza mfumo ukibadilika. Windows 11 ina ulinzi wa kumbukumbu unaokataa draiva ambazo hazikuandikwa kwa masharti ya sasa. Haimaanishi kwamba chako lazima kigome. Kinaweza kufanya kazi vizuri tu. Lakini hakuna aliyekuhakikishia, na siku utakayojua jibu isiwe siku ambayo shule inasubiri nembo mia mbili.

Si madraiva tu. Tarehe 2 Oktoba 2018 Microsoft ilitoa toleo la Windows 10 lililoitwa 1809. Ndani ya siku chache baadhi ya waliohamia wakakuta folda zao za Documents na Pictures zimefutwa. Chanzo kilikuwa kidogo cha kusikitisha. Kuna watu waliokuwa wamezielekeza folda hizo kwenye diski nyingine lakini mafaili mengine yakabaki kwenye folda ya zamani. Mfumo mpya ukaiona folda ya zamani kama takataka iliyorudufiwa, ukaifuta pamoja na vilivyomo. Kampuni ikasimamisha usambazaji siku chache baadaye na kulitoa tena toleo hilo tarehe 13 Novemba 2018. Waliosubiri wiki sita hawakupoteza chochote. Kwa hiyo anayekuambia kwamba kuchelewa kuhama ni ushamba, usimjali. Kwa mtu ambaye kompyuta ndiyo jembe lake, kuchelewa kidogo ni akili.

Sasa historia ya hivi vijiprogramu, kwa sababu itakusaidia kuelewa kwa nini nakiamini hiki.

Windows 10 ilitoka tarehe 29 Julai 2015, na Microsoft ikasema mwenye Windows 7 au 8.1 ataipata bure kwa mwaka mmoja. Hiyo ni zawadi nzuri kwa anayeitaka. Lakini miezi michache kabla, kupitia sasisho lililopewa namba KB3035583, kompyuta za watu zilikuwa zimepandwa programu iliyoitwa GWX, yenye kialama cha dirisha jeupe pembeni mwa saa, kazi yake ikiwa kumshawishi mwenye kompyuta ahame. Kwa wengi mafaili ya usakinishaji yalipakuliwa kimyakimya na kuwekwa kwenye folda iliyofichwa yenye jina $WINDOWS.~BT, gigabaiti kadhaa, mwenyewe hana habari. Mwezi Februari 2016 uhamaji huo ukapandishwa daraja na kuwa sasisho "linalopendekezwa", na kompyuta nyingi zilikuwa zimewekwa zipokee yanayopendekezwa bila kuuliza.

Kilichofuata Mei 2016 ndicho kilichowatoa watu machozi. Dirisha lilijitokeza likisema kompyuta yako imepangiwa kuhamishwa tarehe fulani, saa fulani. Juu kulia kulikuwa na alama nyekundu ya X, ile ile ambayo kwa miaka yote tumefundishwa kwamba maana yake ni "sitaki, ondoka". Safari hii ukiibofya, dirisha linaondoka lakini tarehe inabaki palepale: umekubali. Aliyetaka kukataa alitakiwa asome maandishi madogo katikati ya dirisha na kubofya kineno cha kubadilisha ratiba. Mkuu wa masoko wa Microsoft, Chris Capossela, alikiri hadharani mwishoni mwa mwaka huo kwamba hapo walivuka mpaka.

Mwanamke mmoja mwenye wakala wa safari huko California aliishtaki kampuni akidai kompyuta yake ya kazi ilijihamisha bila ridhaa yake na kuharibika; mwaka huohuo Microsoft ikaacha rufaa na kumlipa dola 10,000, bila kukiri kosa. Na huku kwetu Afrika iliripotiwa kwamba walinzi wa hifadhi ya Chinko, Jamhuri ya Afrika ya Kati, walikuta kompyuta yao ikivuta Windows 10 kupitia intaneti ya setilaiti, ile inayolipiwa kwa kila megabaiti, wakati kompyuta hizo ndizo zinazowaongoza askari wanaokabiliana na majangili wenye silaha. Ninapowasikia watu wakisema "ni sasisho tu, kelele za nini", nawakumbuka hao.

Mimi mwenyewe mwaka huo nilikuwa nikihudumia ofisi moja ndogo ya mahesabu, sitaitaja. Nilipigiwa simu saa nane mchana. Mhasibu alikwenda kula, akarudi akakuta skrini ya buluu yenye duara la asilimia, imefika 34, na imeandikwa asizime kompyuta. Ilikuwa siku ya mwisho ya kuwasilisha kodi. Nilikaa naye tukiiangalia ile asilimia ikipanda, na ilipofika mwisho printa ya risiti haikutambulika tena. Tulimaliza saa nne usiku. Yule dada alikuwa akilia, na hakuwa amefanya kosa lolote isipokuwa kwenda kula.

Ndipo akatokea Steve Gibson. Ni mtunzi wa programu wa California, mwenye kampuni ndogo inayoitwa Gibson Research, na ni mmoja wa wachache waliobaki wanaoandika programu za Windows kwa lugha ya asembli, yaani karibu kabisa na lugha ya prosesa yenyewe. Ndiyo maana vitu vyake ni vidogo mno: faili moja, halifiki hata megabaiti moja, halisakinishwi, unalibofya linafunguka. Machi 2016 alitoa Never10. Walikuwapo wengine kabla yake. GWX Control Panel ya Josh Mayfield ilifanya kazi kubwa na ilikuwa na uwezo mwingi zaidi. Lakini Never10 ilikuwa na jambo moja nililolipenda tangu siku ya kwanza: haikupigana na Windows.

Maana yake ni hii. Microsoft tangu awali iliweka swichi rasmi ndani ya Windows za kuzuia uhamaji, kwa ajili ya wasimamizi wa mitandao ya makampuni, kwa sababu hakuna benki itakayokubali kompyuta zake elfu zihamishwe usiku mmoja. Moja iliitwa DisableGwx, nyingine DisableOSUpgrade. Zilikuwa zimeandikwa kwenye nyaraka zao wenyewe. Ila mtu wa kawaida angezifikiaje? Zimo ndani ya rejista ya Windows, yaani daftari la mipangilio yake, kwenye njia ndefu ya folda ndani ya folda, na kosa dogo la herufi linaharibu kazi. Never10 ilichofanya ni kuziwasha swichi hizo kwa kubofya mara moja, na kufuta yale magigabaiti yaliyokwisha kupakuliwa ukitaka. Ukimaliza unaifunga, unaweza hata kuifuta. Haibaki ikizunguka nyuma ya pazia, haiwaki kompyuta inapowaka. Windows yenyewe ndiyo inayotii, kwa sababu imeamriwa kwa lugha yake.

Windows 11 ilipotoka Oktoba 2021, Gibson akaandika kingine kwa mtindo uleule. Mwanzoni alikiita Never11, kisha akakibadilisha jina kikawa InControl, kwa sababu safari hii Microsoft ilikuwa imeweka swichi bora zaidi: badala ya kusema tu "usinihamishe", unaweza kusema "nataka nibaki kwenye toleo hili, kituo hiki hiki". Ndicho alichokutumia mdogo wako.

Nikuoneshe kinachoandikwa, ili ujue unaruhusu nini. Ndani ya rejista, kwenye njia HKEY_LOCAL_MACHINE\SOFTWARE\Policies\Microsoft\Windows\WindowsUpdate, huwekwa mambo matatu. ProductVersion hupewa maneno Windows 10. TargetReleaseVersion hupewa namba 1, yaani "agizo hili lina nguvu". Na TargetReleaseVersionInfo hupewa 22H2, ambalo ndilo toleo la mwisho la Windows 10. Hapo kompyuta inapoenda kuulizia masasisho, inasema mimi ni wa Windows 10, 22H2, sitafuti kingine. Viraka vya kila mwezi vya 22H2 haviguswi na agizo hili. Hiyo ndiyo tofauti kati ya kijiprogramu hiki na ushauri wa fundi wako.

Fundi anataka kuzima huduma yote ya Windows Update. Namwelewa, kwa sababu wateja wanamlaumu bando likiisha na kompyuta ikijiwasha upya katikati ya kazi. Lakini sikiliza kilichotokea Mei 2017. Tarehe 14 Machi mwaka huo Microsoft ilitoa kiraka, MS17-010, cha tundu lililokuwa kwenye namna Windows inavyoshirikishana mafaili kwenye mtandao. Tarehe 12 Mei, siku 59 baadaye, kirusi cha WannaCry kikapita kwenye tundu hilohilo. Hakikuhitaji mtu abofye kiungo wala afungue barua pepe: kilitoka kompyuta hadi kompyuta chenyewe, kikifunga mafaili na kudai fidia kwa bitcoin. Uingereza kilivuruga zaidi ya taasisi 80 za huduma ya afya ya taifa, wagonjwa wakarudishwa nyumbani, miadi kwa maelfu ikafutwa.

Kompyuta nyingi zilizoathirika hazikuwa na Windows iliyokufa. Zilikuwa na Windows 7, ambayo wakati huo bado ilihudumiwa, na kiraka chake kilikuwapo kwa karibu miezi miwili. Hakikuwa kimewekwa tu. Kilichowaumiza si utu uzima wa mfumo. Ni tundu lisilozibwa. Na hiyo ndiyo hali atakayokuachia fundi wako, kwa nia njema kabisa. Mwambie hivyo kwa heshima, na mwambie pia kwamba Windows ikizimiwa huduma hiyo, mara nyingi hujiwasha yenyewe baadaye, kwa hiyo hata kinga uliyoitaka dhidi ya Windows 11 hutakuwa nayo kwa uhakika.

Haya, tufanye kazi.

Kabla ya chochote, michoro yako. Ile ya .DST inayosomwa na mashine na ile ya asili ambayo programu inaweza kuihariri, yote iingie kwenye diski ya nje au flashi mbili tofauti, na moja isikae nyumba moja na laptopu. Andika pia kwenye daftari namba ya leseni na uhifadhi diski au faili la kusakinishia programu. Nimeona watu wakilinda kompyuta miaka kumi, kisha ikaibiwa na mkoba.

Kisha bonyeza kitufe cha Windows pamoja na herufi R, andika winver, bonyeza Enter. Kidirisha kitakuambia toleo. Ukiona 22H2, vizuri. Ukiona 21H2 au la nyuma zaidi, acha Windows Update ikupeleke kwanza hadi 22H2 ya Windows 10, maana bila hiyo msaada nitakaoutaja chini hutaupata.

Hapohapo kwenye Windows Update, chini ya tangazo la Windows 11, kuna maandishi madogo: "Stay on Windows 10 for now". Yabofye. Yanaondoa ofa kwa sasa, lakini ofa ina tabia ya kurudi, kwa hiyo usiishie hapo. Nikutoe wasiwasi mmoja pia: kwa kuwa umeambiwa iko tayari, ina maana laptopu yako imetimiza masharti ya Windows 11, yale ya chipu ya usalama ya TPM 2.0 na prosesa ya miaka ya karibuni, kwa Intel kuanzia kizazi cha 8. Siku ukiamua kuhama kwa hiari, njia unayo. Wenye kompyuta za zamani zaidi hata hawapewi nafasi hiyo.

Sasa InControl. Andika wewe mwenyewe grc.com kwenye kivinjari, usipite kwenye matokeo ya utafutaji, kwa sababu majina ya programu maarufu huwekewa kurasa bandia zenye vitufe vya kupakua vilivyojaa uchafu. Ukishaipakua, ibofye kwa kitufe cha kulia cha kipanya, chagua Properties, halafu Digital Signatures. Pale panatakiwa pasomeke Gibson Research Corporation. Kama ukurasa huo haupo au jina ni jingine, futa faili. Hicho ndicho kipimo ambacho ningetaka ukitumie pia kwa lile la WhatsApp, lakini nimekwisha kukuambia ulifute, na bado nasema ulifute.

Ifungue. Windows itakuuliza kama unairuhusu kufanya mabadiliko. Kubali, kwa sababu rejista ya mfumo haiandikwi bila ruhusa hiyo. Utaona kidirisha chenye nafasi mbili: ya toleo, iwe 10, na ya kituo, iwe 22H2. Bofya "Take Control". Kitufe hichohicho kitageuka kuwa "Release Control", na huo ndio ushahidi kwamba agizo limeandikwa. Siku ukitaka kuhama, unafungua tena, unabofya hicho cha pili, na kila kitu kinarudi kama kilivyokuwa.

Ukirudi kwenye Windows Update utakutana na sentensi yenye kutisha: "Some settings are managed by your organization", yaani baadhi ya mipangilio inasimamiwa na taasisi yako. Watu wengi wamenipigia simu usiku kwa ajili ya sentensi hiyo, wakidhani wameingiliwa. Hujaingiliwa. Windows imekuta lile agizo mahali ambapo kwa kawaida huandikwa na msimamizi wa ofisi, nayo haina namna ya kujua kwamba taasisi yenyewe ni wewe na cherehani yako. Iache hivyo. Ikitoweka bila wewe kuitoa, hapo ndipo uangalie.

Waliozoea kompyuta watauliza kwa nini wasitumie gpedit, kile kihariri cha sera kilichomo ndani ya Windows. Kwenye Windows Pro unaweza, na matokeo ni yaleyale. Kwenye Home hakimo, na laptopu nyingi zinazouzwa madukani kwetu ni za Home. Pia unaweza kuandika zile thamani tatu kwa mkono kwenye rejista. Mimi naweza, fundi wako anaweza. Kwako wewe kubofya mara moja kuna nafasi ndogo zaidi ya kukosea.

Ipo na ile njia ya kuiambia Windows kwamba Wi-Fi yako ni ya kupimwa, "metered connection". Iwashe, kwa ajili ya bando, hasa kama unatumia simu kugawa intaneti. Lakini usiitegemee kama kinga. Siku moja utaunganisha Wi-Fi ya jirani au ya hoteli, nayo haitakuwa na alama hiyo. Vilevile kusimamisha masasisho kwa kitufe cha Pause kuna kikomo cha siku 35, na kikifika mwisho kompyuta inadai yote kwa mkupuo.

Kuna vitu InControl haivizuii na ni lazima uvijue. Haimzuii mtu aliyeketi mbele ya kompyuta na flashi ya Windows 11 mkononi. Kwa hiyo ukipeleka laptopu kwa fundi hata kwa tatizo la kibodi, bandika karatasi juu yake: USIBADILISHE WINDOWS, USIFORMATI. Huku kwetu kompyuta nyingi zaidi zimepotezewa programu zake na fundi aliyeamua kusaidia kuliko na Microsoft.

Sasa sehemu ngumu, na singekuwa muungwana nikiiruka. Kubaki kwenye Windows 10 ni nusu ya jambo, kwa sababu huduma ya kawaida ya Windows 10 ilikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Baada ya siku hiyo viraka vya usalama vya kila mwezi haviji bure bure tu kwa kila mtu. Agizo la InControl linalinda kiti chako, lakini kama viraka havipo, unabaki kwenye nyumba isiyofanyiwa ukarabati, ambayo ni hali ileile niliyomkataza fundi.

Nafuu ipo. Microsoft imefungua mpango wa masasisho ya ziada ya usalama, unaofupishwa ESU, ambao kwa watu binafsi unafika tarehe 13 Oktoba 2026. Kwenye ukurasa wa Windows Update tafuta maneno "Enroll now". Utahitaji akaunti ya Microsoft, na utapewa njia tatu: kulipa dola 30 mara moja, au kutumia pointi 1,000 za Microsoft Rewards, au kutolipa kitu ukikubali kuhifadhi mipangilio ya kompyuta yako kwenye OneDrive, hifadhi ya mtandaoni ya Microsoft, kupitia Windows Backup. Ningechagua hiyo ya tatu. Inataka mipangilio, haikulazimishi kupandisha michoro yako yote. Usajili mmoja unatosha kompyuta hadi 10 za akaunti moja, kwa hiyo kama watoto wana laptopu ya Windows 10 nyumbani, nayo iingize. Kompyuta zilizofungwa kwenye mtandao wa ofisi, zile za domeni, hazimo kwenye mpango huu. Zina mpango wao, unaoanzia dola 61 kwa kompyuta kwa mwaka wa kwanza, na bei hupanda maradufu kila mwaka unaofuata. Na akija mtu kukuuzia "krak" ya kupata ESU kwa elfu kumi, mwambie hapana: unamwingiza mgeni usiyemjua mahali palepale unapojaribu kufunga mlango.

Jisajili kwanza, kisha uhakikishe kiraka cha mwezi huu kimeingia, kwenye historia ya masasisho. Ndipo utajua kwamba vyote viwili vinafanya kazi pamoja: toleo limekaa, na viraka vinaingia.

Baada ya Oktoba 2026? Ukinisikiliza, anza kuijenga hali hiyo sasa. Mashine ya kudarizi haihitaji intaneti. Inahitaji faili la .DST, basi. Laptopu yenye programu ya kuchorea inaweza kukatwa mtandao kabisa, Wi-Fi imezimwa, na ikaishi na Windows 10 hadi diski yake ichoke. Picha za wateja, WhatsApp, barua pepe na malipo vikae kwenye simu au kompyuta nyingine, na faili livuke kwa flashi moja ambayo haina kazi nyingine. Flashi hiyo uichunguze kwa Defender, kinga ya virusi iliyomo ndani ya Windows, upande wenye intaneti kabla ya kuvuka. Microsoft imesema itaendelea kuipa Defender ya Windows 10 taarifa mpya za virusi hadi Oktoba 2028, lakini laptopu isiyo na mtandao haitazipokea, kwa hiyo uchunguzi ufanyike upande ule mwingine. Na wakati wa kazi chache, labda baada ya msimu wa kufungua shule, omba laptopu ya ndugu yenye Windows 11, sakinisha programu yako, chomeka kile kiflashi, uone kama inafunguka. Kama inafunguka na mashine inapokea mchoro na kudarizi kofia moja mwanzo hadi mwisho bila kukosea sindano, umepata jibu ambalo muuzaji wako hakuweza kukupa, na hutahitaji tena kizuizi chochote.

Na kama wakati unasoma hapa laptopu imekwisha kujihamisha, usiifomati. Una siku 10 tangu siku ya kuhama. Nenda Settings, System, kisha Recovery, utaona kitufe cha "Go back"; Windows 10 yako ya zamani bado imehifadhiwa kwenye folda ya Windows.old, programu zikiwemo. Usitumie kifutio cha diski kabla ya kurudi, maana folda hiyo ndiyo ya kwanza kufutwa. Ukisharudi, endesha InControl kabla hujawasha Wi-Fi, na iwe tayari imo kwenye flashi.

Nitumie picha ya kile kidirisha cha winver na jina kamili la programu yako ya kuchorea, lile linaloonekana ikifunguka. Kama kiflashi chake cha leseni ni cha aina ninazozifahamu, nitakuambia kama ina draiva mpya.